Umbali wa Kusimama: Hesabu ya Breki Ambayo Milima ya Lushoto Haisamehi

Kila siku, kabla jua halijachomoza juu ya safu za Usambara Magharibi, malori yaliyosheheni kabichi, karoti, viazi na matunda huondoka Lushoto na kuanza kushuka kuelekea Mombo, mkoani Tanga. Nyuma yake hufuata mabasi ya abiria, magari madogo ya vijijini na pikipiki za bodaboda. Katika safari ya takriban kilomita 32 kupitia Soni, barabara hiyo huteremka kutoka mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 400, ikikumbatia mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Uchumi wa wilaya hiyo una sura moja ambayo haizingatiwi sana pale usalama barabarani unapojadiliwa. Ingawa saruji, mbolea na bidhaa za madukani hupandishwa, mazao ya shambani, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kipato cha wananchi, yote hushushwa. Maana yake ni kwamba mengi ya magari ya mizigo hubeba uzito wake mkubwa zaidi yanapokuwa kwenye mteremko, mahali ambapo breki hufanya kazi ngumu kuliko mahali pengine popote.

Tatizo la kuteremsha mzigo kutoka milima hii si geni. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini haikuupanda mlima. Katika utawala wa Wajerumani, mbao za msitu wa Shume zilishushwa kwa waya ulioning'inizwa angani hadi Mkumbara, ambako zilipakiwa kwenye treni. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa dereva na chini ya mguu wake wa kulia. Ndiyo maana swali la gari husimama baada ya mita ngapi, ambalo huonekana kuwa la darasani, katika barabara ya Mombo hadi Lushoto ni swali la uhai.

Mwendo ukiwa maradufu, umbali huwa mara nne

Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile gari linayoisafiri tangu dereva anapoona hatari hadi mguu wake unapokandamiza breki. Kwa dereva aliye macho, asiye mchovu wala mlevi, muda huo hukadiriwa kuwa sekunde moja na nusu. Katika muda huo mfupi gari haliko kwenye breki hata kidogo. Linaendelea kwa kasi ile ile. Likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, hupita takriban mita 21. Likiwa kwenye kilomita 80, hupita mita 33.

Sehemu ya pili huanza breki zinaposhika. Hapa ndipo kanuni ya maumbile huwashangaza wengi. Nishati ambayo gari hubeba kutokana na mwendo wake haikui sambamba na kasi, bali hukua kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huwa mara nne, na umbali ambao breki zinauhitaji ili kuimaliza nao huwa mara nne. Kwenye lami kavu na tambarare, gari dogo lenye matairi mazuri huhitaji takriban mita 14 za kufunga breki likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Likiwa kwenye kilomita 100, huhitaji mita 56.

Zikijumlishwa sehemu zote mbili, gari hilo husimama baada ya mita 35 kwa kasi ya kilomita 50, na baada ya mita 69 kwa kasi ya kilomita 80. Lami ikilowa, mshiko wa matairi hupungua, na umbali huo hupanda hadi kufikia takriban mita 45 na 96. Hizi ni hesabu za gari lililo katika hali nzuri. Tairi lililoisha kashata, breki zilizochoka au dereva aliyekesha usiku kucha, kila kimoja huongeza mita zake.

Simu ya mkononi nayo ina hesabu yake. Dereva anayeitazama kwa sekunde 2 akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa huwa amesafiri mita 28 bila kuiona barabara, kabla hata ya kuanza kuhesabu ile sekunde moja na nusu ya kutambua hatari.

Mteremko, mvua na kona

Kwenye ardhi tambarare, msuguano kati ya tairi na barabara hufanya kazi moja: kulizuia gari. Kwenye mteremko, sehemu ya msuguano huo hutumika kwanza kupambana na nguvu ya mvutano wa dunia inayolivuta gari kwenda chini, na kinachobaki ndicho humsaidia dereva kusimama. Lami ikiwa kavu, pengo hilo ni dogo. Lami ikiwa imelowa, mteremko hula sehemu kubwa ya akiba ambayo tayari imepungua.

Kwa mfano, katika mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara iliyolowa, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji mita 31 za kufunga breki badala ya 25. Ukijumlisha mita za kutambua hatari, jumla hupita mita 51. Kwa kilomita 40 jumla hiyo ni takriban mita 36, na kwa kilomita 30 ni mita 24 tu.

Tofauti ya tarakimu hizo tatu hupata maana yake halisi kwenye kona. Tuseme kona imefichwa na ukingo wa mlima kiasi kwamba dereva anaona mita 35 tu mbele yake, na nyuma ya ukingo huo kuna lori limeharibika. Dereva wa kilomita 30 atasimama na kubakiza nafasi ya zaidi ya mita 10. Dereva wa kilomita 40 ataligusa lori hilo kwa kasi ndogo sana. Dereva wa kilomita 50, licha ya kukandamiza breki kwa nguvu zote, atalifikia akiwa bado kwenye takriban kilomita 37 kwa saa. Tofauti ya mwendo kati ya dereva wa kwanza na wa tatu ni kilomita 20 tu kwa saa, lakini mmoja anafika nyumbani akisimulia na mwingine huenda asifike.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kanuni inayopaswa kutawala kila barabara ya mlimani: dereva asiende kasi kuliko ile inayomruhusu kusimama ndani ya umbali anaouona. Ukungu unapotanda Magamba au Soni na kuupunguza umbali wa kuona, mwendo salama nao hupungua, hata kama kibao kilichopo kando ya barabara hakijabadilika.

Katika barabara nyembamba za vijijini kanuni hiyo huwa kali zaidi. Barabara nyingi zinazounganisha vijiji vya Usambara ni za udongo, na sehemu kadhaa hazitoshi magari mawili kupishana kwa raha. Magari mawili yanapokutana uso kwa uso kwenye kona, umbali unaoonekana si mali ya dereva mmoja. Wote wawili wanaugawana. Hata kwa mshiko ule ule wa lami iliyolowa, gari linaloshuka kwa kilomita 30 na linalopanda kwa kasi hiyo hiyo huhitaji kwa pamoja takriban mita 44. Yote mawili yakiwa kwenye kilomita 40, mahitaji hupanda hadi mita 66. Udongo wa mlimani ukishanyeshewa na kugeuka tope, hata mahesabu hayo huwa ni ya matumaini kupita kiasi.

Kona ina sharti jingine. Tairi lina mfuko mmoja wa mshiko, na mfuko huo ndio hugharimia kukata kona na kufunga breki kwa wakati mmoja. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, kwenye lami iliyolowa na isiyoinamishwa upande wa ndani, gari likifika kilomita 32 kwa saa huwa limetumia mshiko wote kwa ajili ya kukata kona peke yake. Dereva akikandamiza breki wakati huo, anadai fedha kutoka kwenye mfuko mtupu, na gari huteleza kuelekea nje ya barabara. Ndiyo sababu wakufunzi wa udereva husisitiza kwamba mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kwenye kona, wala si ndani yake.

Msimu wa masika, ambao kwa kawaida huanza Machi na kumalizika Mei, na ule wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, hukusanya mambo haya yote mahali pamoja: lami yenye maji, tope linaloletwa na magurudumu kutoka barabara za mashambani, mawe yanayoporomoka na ukungu. Misimu hiyo ndiyo pia inayolisha mashamba ya mboga ya Lushoto. Hivyo mvua inayoleta neema shambani ndiyo inayoongeza mita za kusimama barabarani.

Joto lisiloonekana

Hadi hapa imezungumziwa hali ya kusimama mara moja. Mlima unadai zaidi ya hapo. Gari linaposhuka kwa mwendo usiobadilika, nishati ya kimo linachokipoteza haina budi kwenda mahali fulani. Sehemu yake humezwa na matairi na upepo. Sehemu iliyobaki hugeuka kuwa joto, ama kwenye injini au kwenye breki.

Ukubwa wa nishati hiyo unaweza kupimwa kwa ulinganisho rahisi. Kushuka mita 100 za kimo ni sawa, kwa nishati, na kulisimamisha gari lililokuwa kwenye kilomita 50 kwa saa mara 10. Kwa hiyo kushuka mita 1,000 zinazotenganisha Lushoto na Mombo ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 100. Hata baada ya kuondoa sehemu inayomezwa na matairi na upepo, kinachobaki ni makumi ya visimamo ndani ya safari moja inayochukua chini ya saa mbili. Uwiano huo ni ule ule kwa gari dogo na kwa lori. Linalobadilika ni kiasi cha joto, ambacho huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka.

Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na mzigo, likishuka mteremko wa asilimia 8 kwa kilomita 40 kwa saa, huzalisha joto linalokaribia lile la pasi za umeme 75 zilizowashwa kwa pamoja. Joto hilo likielekezwa lote kwenye breki, pedi na ngoma za breki hupanda hadi mamia ya nyuzi za joto. Katika hali hiyo pedi hupoteza uwezo wake wa kung'ang'ania. Dereva hukandamiza kwa nguvu zaidi lakini gari hupungua mwendo kidogo zaidi.

Kwa magari yanayotumia mafuta ya breki kuna hatari ya pili. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri miezi inavyopita, na unyevu hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemka. Yakichemka, mapovu hutokea ndani ya mirija. Mapovu hubonyea, mafuta hayabonyei. Kwa hiyo pedali huzama hadi chini bila breki kushika. Kwa malori na mabasi yenye breki za upepo, ngoma iliyopata moto hutanuka na kuongeza pengo ambalo breki inapaswa kulivuka, huku kukandamiza na kuachia mara kwa mara kukimaliza akiba ya upepo iliyomo kwenye mitungi kwa haraka kuliko injini inavyoweza kuijaza.

Hapo ndipo zinapozaliwa taarifa zinazosema kwamba gari limefeli breki. Si kila ajali inayoelezwa hivyo huwa na chanzo cha joto; zipo breki zilizokuwa mbovu tangu gari lilipoondoka gereji. Hata hivyo, mara nyingi kufeli si tukio la ghafla bali ni mwisho wa mchakato ulioanza kilomita kadhaa nyuma, juu mlimani, pale dereva alipochagua gia.

Dawa yake inajulikana kwa madereva wazoefu: gari lishushwe kwa gia ndogo, na gia hiyo ichaguliwe kileleni, kabla mteremko haujaanza. Gia ndogo huilazimisha injini kuzuia mwendo, na joto ambalo lingeziangamiza breki hutolewa na mfumo wa injini, ambao umeundwa ili upoe. Breki hubaki baridi, zikisubiri dharura. Kinyume chake ni tabia ya kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Anayefanya hivyo huokoa kiasi kidogo cha dizeli na kuutwisha mzigo wote wa mlima kwenye breki. Tena, gari likishashika kasi huwa vigumu kuirudisha gia ndogo, na majuto huja wakati hayawezi tena kusaidia.

Mwendo wa polepole nao una faida isiyoonekana kwa urahisi. Jumla ya joto la kushuka mlima haibadiliki sana kwa dereva kwenda taratibu, lakini muda wa kulitawanya huongezeka. Lori lile lile la tani 10 likishuka kwa kilomita 20 kwa saa huzalisha nusu ya joto kwa kila sekunde, na upepo unaopita kwenye ngoma hupata nafasi ya kuzipoza. Mwenda pole hajikwai, na kwa lugha ya fizikia, mwenda pole haunguzi breki.

Suala la uzito linahitaji ufafanuzi. Wapo wanaoamini kwamba mzigo hauongezi umbali wa kusimama kwa kuwa uzito huongeza pia mshiko wa matairi. Hoja hiyo ina ukweli kwa kusimama mara moja, breki zikiwa baridi na zenye uwezo wa kutosha. Haina ukweli mlimani. Gari lililotengenezwa kubeba jumla ya tani 10, likipakiwa hadi tani 13, huzalisha joto zaidi kwa asilimia 30 huku ngoma zake zikiwa ni zile zile. Tani tatu za viazi zilizoongezwa ili kuokoa gharama ya safari ya pili hulipiwa na breki.

Barabara kuu inapokutana na mlima

Mombo ni njia panda ya barabara mbili zenye tabia tofauti. Moja ni barabara kuu inayotoka Segera na Korogwe kuelekea Same na Moshi, iliyonyooka kwa sehemu ndefu na kuzoesha jicho mwendo mkubwa. Nyingine ni ile inayopinda kuelekea Soni. Dereva aliyekuwa kwenye kilomita 80 kwa saa kwa muda mrefu huona kilomita 50 kuwa ni mwendo wa kutambaa, na huingia mlimani akiwa na kipimo kisicho sahihi kichwani mwake.

Barabara kuu yenyewe imekwisha kutoa funzo chungu. Usiku wa Februari 3, 2023, watu wasiopungua 17 walipoteza maisha eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe baada ya lori na basi dogo lililokuwa likisafirisha msiba kugongana. Juni 28, 2025, watu wasiopungua 38 walifariki dunia katika eneo la Sabasaba wilayani Same baada ya mabasi mawili kugongana na kuwaka moto. Kila ajali ina chanzo chake, lakini magari yanayokutana uso kwa uso yana hesabu moja: mawili yakiwa kwenye kilomita 80 kwa saa kila moja, hukaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na kwa pamoja huhitaji karibu mita 140 za lami kavu ili yasimame kabla ya kugusana.

Miteremko imetoa mafunzo yake pia. Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni mkoani Arusha, lori lililoelezwa kufeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia wilayani Karatu, na zaidi ya watu 30, wengi wao watoto, walifariki. Miteremko ya jijini Mbeya nayo imeshuhudia misiba ya malori yaliyoshindwa kuzuilika. Lushoto haina sababu ya kusubiri msiba wake ndipo ijifunze.

Sheria imeweka msingi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria na magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa kielektroniki. Wakala wa Barabara, TANROADS, na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, wanasimamia miundombinu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 imeanza kutekelezwa nchini tangu mwaka 2019.

Hata hivyo, kikomo cha mwendo ni dari, si lengo. Kilomita 50 kwa saa ni halali katika maeneo mengi ambako, kwa mvua na kona, kusimama salama kwa mwendo huo hakuwezekani. Sheria hiyo hiyo inalitambua hilo kwa kuufanya uendeshaji wa hatari na wa uzembe kuwa kosa hata pale ambapo kikomo hakijavukwa. Dereva anayejitetea kwamba hakuzidisha mwendo ulioandikwa kwenye kibao huwa amejibu swali moja tu kati ya mawili. Swali la pili ni kama angeweza kusimama.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeweka shabaha ya kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Shirika hilo limebainisha pia kwamba ongezeko la asilimia 1 katika wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali yenye vifo kwa asilimia 4. Kwa hiyo kupunguza mwendo kidogo mlimani si jambo dogo.

Hesabu inayogawanywa kwa wengi

Ni rahisi kumwachia dereva peke yake wajibu wa mita za kusimama. Ukweli ni kwamba mita hizo hugawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja anaweza kuzipunguza au kuziongeza.

Mmiliki wa gari huzipunguza anapobadilisha pedi na mafuta ya breki kwa wakati, anaponunua matairi yanayofaa na anapokataa kumpangia dereva ratiba inayomlazimisha kukimbia. Mfanyabiashara wa mazao huzipunguza anapokubali mzigo ugawanywe katika safari mbili. Mkufunzi wa udereva huzipunguza anapomfundisha mwanafunzi kushuka mlima kwa gia, badala ya kuishia kwenye alama za barabarani na maegesho. Maarifa yanayohitajika si ya kigeni. Mwendo, msuguano na nishati hufundishwa katika somo la Fizikia shule za sekondari nchini kote. Kinachokosekana ni daraja kati ya ubao wa darasani na usukani.

Wakala wa barabara wana nafasi yao. Kuinamisha kona upande wa ndani, kufyeka majani yanayoziba kona, kuweka kingo za chuma upande wa korongo, kuondoa tope na mawe baada ya mvua, na kuweka vibao vinavyomtaka dereva wa gari la mizigo kuchagua gia ndogo kabla ya mteremko, vyote ni hatua zinazoongeza ama umbali wa kuona au uwezo wa kusimama. Askari wa usalama barabarani anayekagua breki na matairi Lushoto, juu, kabla lori halijaanza kushuka, hufanya kazi yenye manufaa kuliko ukaguzi wa Mombo baada ya lori kumaliza mlima.

Abiria naye si mtazamaji. Anayemhimiza dereva aongeze mwendo ili awahi basi la Dar es Salaam anaongeza mita za kusimama kwa kinywa chake. Anayepaza sauti dereva anapotumia simu au kulipita gari jingine kwenye kona anazipunguza. Kwa bodaboda hali ni hiyo hiyo: pikipiki yenye abiria wawili na gunia, kwenye lami iliyolowa, ina matairi mawili tu ya kugharimia uzito wote, na dereva wake hana bodi la kumkinga.

Kila mwaka, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari hukaguliwa na elimu hutolewa nchini kote. Kwa Lushoto, elimu hiyo ingeweza kubeba ujumbe mmoja mahsusi wa mlimani wenye maneno machache: chagua gia kabla ya kushuka, punguza mwendo kabla ya kona, na usiende kasi kuliko macho yako yanavyoona. Dereva anayeyashika hayo matatu hahitaji kukumbuka tarakimu yoyote, kwa sababu tarakimu zote tayari zimo ndani yake.

Mlima wa Usambara utaendelea kuwa na kimo kile kile, na mvua itaendelea kunyesha masika na vuli. Mboga zitaendelea kushushwa sokoni na watoto kupelekwa shule. Kinachoweza kubadilika ni uamuzi unaofanywa kileleni, breki zikiwa bado baridi na barabara ikiwa bado mbele. Baada ya hapo hesabu hujifanya yenyewe.